Muulize Jina la Ng'ombe

Neema, mutoto wa mwana wangu,

Mukono unaouona hapa ni wa mama yako, lakini mudomo ni wangu. Mimi sikukalia benchi ya klasi hata siku moja, unajua, na sitaanza kujifunza kalamu jioni hii ili nikufurahishe. Nimemukalisha mama yako kwenye kiti kidogo karibu na babula, jiko letu la makala, nimemuambia aandike vile nasema, asitie sukari. Ameanza na neno "mpendwa". Nimemuambia alifute. Kama mpaka leo hujajua kwamba nakupenda, karatasi haitakufundisha.

Wewe umeenda Murara kuaga rafiki zako. Kesho asubuhi utapanda boti ya Bukavu na begi lako, na lile sanduku la visu, na ile mizani mupya baba yako amekununulia. Mambo ya kuvaa sweta kwenye boti, ya kusali, ya kufunga mulango, ya wanaume, mama yako amekuambia wiki nzima mpaka hata mimi nimeyashika kwa kichwa. Siyarudii. Niko na neno juu ya kitu kimoja tu, nacho ni ule mwanaume wa telefone.

Ulifikiri nimelala. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, nimejinyoosha kwenye mukeka na kitambaa juu ya macho. Telefone yako inapiga kelele kama redio ya jirani, Neema. Nilisikia yote. Alisema atakutumia ng'ombe Bukavu kwa nusu ya bei ya wengine, na kila wiki, bila kukosa. Ulimuuliza zinatoka wapi. Ulifanya vizuri kuuliza. Akacheka, akasema, "Dada, wewe unauza nyama ao unauza maswali?" Na wewe ukacheka. Kisha ukamuambia atapata jibu ukishafika.

Sikukatazi. Umesoma mambo ya gestion, ya kuendesha biashara, mimi nimesoma moshi wa babula. Boutike ya nyama unayoenda kufungua ni yako. Najua mwenye nyumba wa Bukavu anataka garanti, kodi ya miezi mingi mbele, najua banki zimefungwa na franga yote tuliyokukusanyia imeshonwa ndani ya sketi yako, na ikiisha hakuna nyingine. Na kuchukua nyama ya ule mwanaume ao kuiacha, hiyo njo itaamua kama mulango wako utabaki wazi ao utafungwa. Hilo naliona. Kwa hiyo nitakuambia kitu kilichonipata mimi, kisha utaamua na kichwa chako mwenyewe.

Baba yangu, huko Masisi, hakuuza ng'ombe mara nyingi. Lakini siku aliyouza, kulikuwa na desturi yake. Franga ikishahesabiwa, alimukamata mununuzi mukono, akamupeleka pembeni, akamuambia jina la ile ng'ombe, na vile inaitwa wakati wa kukamua, na kama inaogopa imbwa ao mvua. Mununuzi ndiye alipaswa kuuliza kwanza. Asipouliza, baba alimurudishia franga yake. Watu walimucheka sana. Walisema, huyu haruhusu ng'ombe kuondoka bila barua ya utambulisho. Yeye alijibu kwamba mutu ambaye hataki kujua jina, anataka tu ngozi na nyama, basi aende akanunue maharagi.

Mimi nikaja Goma, nikiwa mujane, na baba yako bado anavaa kaptula ya shule. Nilianza kuuza utumbo kwenye meza ndogo huku Majengo, kisha nikaungana na mwanamuke moja, Mama Solange, tukaanza kununua ng'ombe nzima na kuuza nyama pamoja. Nyama ya muji haina jina. Unanunua kwa mufanyabiashara, naye alinunua kwa mwingine, na ule mwingine kwa mwenye shamba. Hakuna mutu anauliza ng'ombe inaitwaje. Sikuona ubaya, na hata leo sioni. Yule muuzaji tulimujua, na nyumba yake tuliijua.

Kisha kukaja wakati mubaya kule kwenye milima. Watu walikuwa wanakimbia na magodoro, na nyuma ya watu, ng'ombe zikaanza kushuka. Nyingi, na bei ya chini. Kijana moja alikuja kwetu na tano. Mama Solange alizunguka, akazipapasa mugongo, akaniangalia na macho ya mutu aliyeokota kitu barabarani.

Mimi niliangalia mukono wa ule kijana. Ng'ombe ikichelewa kutembea, aliipiga kwa kichwa. Neema, mutu aliyekulia na ng'ombe hapigi kichwa. Anapiga mugongo, ao anapiga chini, ao anaita tu. Nilijua pale pale kwamba hizi ng'ombe hazijui huyu mutu na yeye hazijui. Swali la baba yangu lilikuwa kwenye koo kama mufupa wa samaki sambaza. Inaitwaje? Neno moja tu. Nikalimeza.

Unataka kujua niliwaza nini? Niliwaza kwamba nisiponunua mimi, meza ya jirani itanunua. Niliwaza kwamba ng'ombe imeshafika Goma, haiwezi kurudi Masisi peke yake. Niliwaza kwamba mwana wangu amefukuzwa shule mara mbili sababu ya franga. Na yote ilikuwa kweli, njo nataka uelewe vizuri. Hakuna uongo nilijiambia. Nilipanga mambo ya kweli moja juu ya lingine mpaka yakawa ukuta, nikajificha nyuma yake.

Tukazinunua zote. Nne zikachinjwa wiki ile, nyama ikaisha kila siku kabla ya saa sita. Tuliuza vizuri kushinda siku zote. Nikamununulia baba yako viatu.

Ya tano ilikuwa ya rangi ya udongo, sikio moja limejikunja. Asubuhi ya zamu yake nilienda machinjio kusimamia, na nikaikuta imefungwa kwenye jiwe, inainua kichwa, inalia upande wa milima. Nikaangalia chini. Maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe kutoka kwa kiwele, yanaanguka juu ya yale mawe yetu meusi. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka ngozi inang'aa. Basi iko na ndama. Ndama imebaki pahali fulani, ao imekufa na njaa. Na hakuna mutu duniani mwenye ng'ombe ya maziwa anaiuza kwa kisu, hata akiwa na deni, hata akiwa mulevi.

Kwetu mwanamuke hakamui. Ni kazi ya wanaume, tangu zamani, na mama yangu angenipiga makofi. Lakini ile ng'ombe ilikuwa inaumia. Nikapiga magoti pale mbele ya wachinjaji wote, nikaikamua chini, juu ya mawe, sababu sikuwa na chombo. Wanaume wakacheka. Moja akaniuliza kama nataka supu kabla ya nyama. Niliendelea mpaka ikatulia, ikanitia pumzi shingoni. Kisha nikafungua kamba nikaenda nayo nyumbani.

Usinipigie makofi, sikiliza kwanza.

Mama Solange alikuja muchana na mikono kiunoni. Nusu ya ile ng'ombe ilikuwa yake. Nilimuambia nitamulipa nusu yake, na nilimulipa, kidogo kidogo, na kwa kulipa niliuza meza yangu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisimama kwenye mulango wa parsele, kiwanja chetu, akaangalia ng'ombe, akaangalia viatu vipya vya mutoto, akasema, "Wewe ukishiba njo unakuwa muzuri."

Alisema kweli. Nne zilipita kwa mikono yangu bila neno. Ya tano ilipoumiza macho yangu, njo nikakumbuka baba yangu. Kama isingekuwa na maziwa, ningeiuza kwa kilo kama wenzake. Mpaka leo nikimukuta sokoni tunasalimiana, na kila mara nasikia lile neno lake kabla hajafungua mudomo.

Na kitu kingine, ambacho mama yako hajafurahi kuandika, lakini andika, mama Neema. Baba yako alikaa mwaka moja bila shule. Franga ya ile ng'ombe njo ingemulipia. Wakati wenzake wanapita na daftari, yeye alikuwa anasukuma chukudu, kigari cha mbao, na viazi vya watu juu yake. Mimi nilifanya mambo ya dhamiri, yeye njo alilipa. Hajanilaumu hata siku moja. Lakini siku moja, akiwa kijana tayari, aliniuliza kwa upole kama ile ng'ombe ilikuwa inatujua sisi pia. Kwa hiyo mutu akikuambia kwamba ukifanya vizuri utapata faida mbele, muambie Nyogokuru wako, mama ya baba yako, alifanya vizuri mara moja, na kwa nusu, na ikakula mwaka moja wa mwana wake.

Tukakaa na ng'ombe hapa Majengo, kwenye parsele isiyo na jani hata moja, mawe matupu. Nilitembea kuomba maganda ya viazi na mabua ya mahindi. Majirani walikuja kuona mujane anayekamua kama mwanaume. Baba yako alikunywa maziwa mpaka mashavu yakajaa. Mimi sikuyaonja.

Habari ya ng'ombe yenye sikio la kujikunja ikatembea, sababu watu wa milima waliokimbilia Goma wanaongea mambo ya ng'ombe kuliko mambo ya watu. Siku moja muzee moja akasimama kwenye mulango. Koti lake lilikuwa limechanika bega, lakini fimbo yake ilikuwa imepakwa mafuta. Hakunisalimia. Aliita tu, sauti ya chini, kama mutu anayeamsha mutoto.

"Bihogo."

Ng'ombe ikageuka na nguvu mpaka ikang'oa kijiti. Ikamukimbilia na kamba inaburuta juu ya mawe. Akaikamata kichwa na mikono miwili, wakasimama hivyo. Mimi nilibaki na beseni la maganda, sijui nilitie wapi.

Kisha njo akanisalimia, vizuri, kwa adabu, na akanishukuru kwa kuitunza. Nikaanza kufurahi, mupumbavu mimi. Nikaleta kiti. Akaketi, akapumua, akaangalia parsele yote, nyuma ya nyumba, kando ya choo. Akaniuliza, "Na zingine nne?"

Ningeweza kusema sijui. Mama Solange asingenisaliti, na nyama haina alama. Nilimuambia nilizinunua pamoja na hii, na nilizichinja, na franga ya nyama niliikula.

Kisha akauliza kama niliuliza majina yao. Nilisema hapana. Akauliza mimi ni mutoto wa nani, nikamuambia jina la baba yangu na mulima wetu. Akatikisa kichwa polepole. Alikuwa amesikia habari ya yule muzee aliyerudisha franga za watu. Neema, afadhali angenipiga na ile fimbo.

Nilimuomba anipe nafasi nimulipe zile nne, hata kwa miaka. Akasema, "Franga yako ni nyama ya ng'ombe zangu. Nitaiweka wapi?" Akasimama. Kabla ya kwenda akanitajia majina yote manne, moja moja, na kila moja akaniambia ilikuwa ya namna gani, vile muuzaji anamukabidhi mununuzi. Akafanya kazi ambayo mimi nilipaswa kumuomba aifanye. Kisha akaondoka na Bihogo, mbele yeye, nyuma ng'ombe, bila kamba.

Hapo njo nilirudia biashara yangu kutoka chini, na utumbo tena. Na nikaanza kuuliza majina. Usifikiri kuuliza kuliniletea utajiri. Wauzaji walinikimbia, wakaniita mama wa ubatizo. Nyama yangu ilikuwa bei ya juu, na wamama wengi waliipita wakaenda kwa jirani, na siwahukumu, wako na watoto. Na kuuliza hakukulindi kila mara. Kuna mutu moja alinitajia jina bila kusita, jina zuri, nikanunua, kumbe alilitunga njiani. Nililia? Hapana. Hilo kosa lilikuwa la kwake. Niliuliza, alidanganya, nililala. Kwa zile nne hakuna mutu alinidanganya. Hapo njo tofauti iko, na ni tofauti ndogo, lakini mimi ninalala juu yake.

Najua utasema, Nyogokuru, na makala ya kupikia je? Ulishaniuliza siku moja, ukiwa na hasira. Ni kweli. Hii babula inayonipasha miguu sasa inakula makala, na gunia lilishuka kwa barabara ya Rumangabo, na sote tunajua miti mingine ilikatwa ndani ya pori la wanyama, pahali pamekatazwa. Kwa makala siulizi. Sababu nikiuliza na nikijibiwa, nitapika na nini? Nimewaza sana juu ya hilo na sijatoka upande wa pili. Mimi si malaika, na mutu akikuonyesha mikono safi kabisa katika hii Goma, angalia mifuko yake. Nilichagua kitu kimoja ambacho sitakosa kuuliza, sababu ni kitu nilichokijua tangu nikiwa mutoto, na siwezi kusema sikujua. Wengine wako na yao. Wewe yako ni nyama, uliichagua wewe mwenyewe, na ulifundishwa na mimi. Huna njia ya kusema hujui.

Basi ule mwanaume. Ukifika Bukavu, kabla hujatoa franga kwa sketi, mupigie. Usimuulize zinatoka wapi. Hilo wanaulizwa kila siku, wako na jibu tayari ao wako na kicheko tayari. Muulize jina la ng'ombe moja. Moja tu, yoyote. Kisha nyamaza, usimusaidie, usicheke hata kidogo.

Akisema hajui, bado si mwizi. Muulize alinunua kwa nani, na omba namba ya ule mutu, na mupigie na yeye. Akikupa namba, ongea bei. Akikutajia jina, sikiliza vile anavyolitaja. Mutu anayeijua ng'ombe ataongeza kitu bila kuombwa, atasema ni kaidi ao ni muoga. Akicheka tena, kata telefone. Nyama ya wengine ni ya bei ya juu, najua. Utauza kidogo. Utauza utumbo kwanza, kama mimi. Mizani mupya inapima utumbo pia.

Na mulango ukifungwa, Neema, ukishindwa kabisa, garanti ikipotea, panda boti urudi. Usikae huko kwa haya. Kitanda chako sitamupa mutu, hata shangazi zako wakilia. Nitakucheka siku moja, siku nzima, kisha tutakula. Sitakuuliza umepoteza ngapi. Kitu ambacho sitaki ni siku moja muzee asimame kwenye mulango wako na fimbo yake, akuulize, na wewe utafute pa kuweka beseni.

Mama yako amesimamisha kalamu. Anauliza majina yalikuwa gani. Miaka yote hii katika nyumba hii hajawahi kuyasikia, na baba yako pia hajayasikia. Nimekuwa nayo peke yangu, nayasema wakati nakata nyama, kimya kimya, watu wanafikiri nasali. Nimemuambia ayaandike hapa chini, makubwa, uyaone vizuri.

Gaju, alipenda chumvi. Kibibi, aliogopa mvua. Sine, mukaidi. Gitare, muzee kuliko wote. Yeye njo alikuwa mama ya Bihogo.

Kesho nitakusindikiza mpaka bandarini. Usinishukuru kwa hii barua mbele ya watu. Isome ukiwa kwenye maji. Na jioni ukinipigia, usianze na habari ya boti, wala ya mwenye nyumba. Anza na jina alilokuambia.

Mimi, Nyogokuru wako